Mashine ya Gololi

Niliinunua kwa fedha ya kikoba,
laki tatu na nusu, kwa Rukshana binti Jivraj,
kutoka stoo ya klabu ya baba yake, nyuma ya Mtaa wa Rufiji.
"Imelala tangu nikiwa darasa la pili," alisema,
akanipa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu.

Vijana wanne waliipandisha Mabatini, jiwe kwa jiwe.
Jirani akauliza kafa nani.
Mwingine: "Dubwi hilo? Linakula shilingi ngapi?"
Halili. Wala halilipi.

Nilipoinua kioo, wadudu wa ziwa,
konzi tatu, wakavu kama majani ya chai.
Mipira yote imekatika;
nikakata mingine kwenye tyubu ya baiskeli.
Lugembe, fundi redio, alinionyesha
kusugua midomo ya swichi kwa msasa laini,
"polepole, kama unamtoa mtoto tongo."

Mchana kutwa, Igogo, natoa minofu ya sangara.
Kisu, barafu, kisu.
Mapezi tunatupa.
Usiku nina mapezi mawili ya plastiki
na yanapiga.

La kushoto bado zito.
Namba ya mamia imegoma kwenye saba.
Ukiitikisa kwa hasira inazima taa zote,
inanuna, mpaka wewe upoe.

Jana gololi ilipita katikati,
pale pasipofika pezi lolote.
Nikaisikia ikishuka tumboni mwa mbao,
ikibingirika gizani, bila haraka,
hadi kwenye springi.
Mikono yangu ilinuka samaki.
Nikavuta tena.