Kidole Gumba

Lushinge alikuja Jumanne na gunia,
akalimwaga juu ya meza yangu ya rangi
hapa Igogo, ambapo treni ya mizigo ikipita
brashi zote hutetemeka ndani ya kopo.

Jiwe la mizani, ratili kumi, sikio limekatika.
Stakabadhi, wino umegeuka rangi ya chai.
Kipande cha kaniki, ati cha bibi yake.
Nikakinusa: kabati tupu.

Nyumbani kwake Isamilo hakuna pa kukaa.
Viti vimekaliwa na mihuri ya ushirika,
kufuli za stesheni, taa za meli zisizo na meli.
Kimesalia kiti kimoja, cha kwake.
Mkewe hula amesimama.

"Futi sita kwa nne," akasema.
"Msimu wa pamba, mwaka hamsini na mbili.
Bibi yangu Nyanzobe anaukamata mkono
wa karani wa mizani mbele ya foleni nzima,
anauinua juu, watu wakione
kidole kilichokuwa kikila ratili zao."

Akalipa nusu. Noti zilinuka naftalini.
Mimi ni mchoraji wa sangara kwenye milango ya vyumba vya barafu,
wa vichwa vya vinyozi, wa simba wa nyuma ya malori.
Ila urafiki ni deni, na kodi ilikuwa imefika.

Kila jioni simu:
Mizani ilikuwa ya ndoano, si ya sahani.
Viatu uwavue wote, abaki navyo karani.
Hayo majabali ya nini? Kule ni bara, hakuna ziwa.
Na anga, ndugu yangu, mwezi wa saba lina vumbi!

Bibi nilimmaliza kwa siku tisa.
Karani akabaki shati jeupe lisilo na kichwa.
"Mweke yeyote," Lushinge akasema,
"jina lake halikuandikwa popote."

Limeandikwa. Nyuma ya picha, kwenye sanduku la mama,
amevaa shati hilohilo, kalamu mbili mfukoni.
Babu alitufundisha kuhesabu kwa mbegu za pamba.
Tukifika kumi, moja haionekani;
ananyanyua kidole gumba, hii hapa,
nasi tunacheka, tunataka tena.

Nikampa kichwa chake, na upara wake, na ule upole.
Kidole sikukumbuka vizuri.
Nikatazama changu.

Lushinge alipokuja akasimama mbele ya turubai
mpaka chai ikapata ngozi.
Akamtazama bibi yake kidogo.
Akatazama kidole.
Kisha mkono wangu, uliokuwa unakoroga sukari
iliyokwisha kuyeyuka zamani.

Akatoa nusu iliyobaki, akaiweka mezani.
"Hesabu," akasema. Miaka thelathini ya kukopeshana
na hajawahi kuniambia hesabu.
Nikahesabu kwa sauti, noti moja moja,
kidole gumba nimekinyoosha pembeni kama kimevunjika.
Ilizidi moja. Nikamrudishia.
Akaipokea, hakusema ilizidije.

Picha haijatundikwa hadi leo.
Nilipita Isamilo Jumapili: imeegemezwa
juu ya kile kiti chake, imegeukia dirisha.
Sasa wanakula wamesimama wote wawili.
Nami walinipa sahani, nikasimama nao.