Asilimia Mia

Picha ya kwanza imetoka usiku.
Joho la mahafali limekula shingo ya Nasipondi,
shingo imekula kidevu,
waliosalia ni meno, kishada cha kofia
na lile shada la kumetameta alilovishwa na shangazi wa Webuye.
Ilikuwa saa sita mchana, jua likitupiga utosini.
Nani alilizima?

Nalaumu wino.
Niliununua Luthuli, ghorofa ya pili, nyuma ya duka la spika,
kwa kijana aliyeapa ni ule ule wa kampuni,
tofauti ni boksi tu.
Kibaya chajitembeza: huu ulinifuata hadi ngazini.

Nasafisha vichwa vya printa mara moja, mara mbili.
Inakohoa, inagugumia,
inatema mistari yake ya majaribio:
samawati, waridi, manjano, nyeusi,
yote imenyooka, haina pengo.
Basi si wino. Niwie radhi, kijana wa Luthuli.

Naishika karatasi kwenye dirisha.
Kumbe nimekuwa nikichapa mgongoni,
upande mkavu, unaofyonza kama shamba la Machi.
Nageuza.
Sasa giza linang'aa.

Naiambia mashine: hii ni karatasi ya picha, si ya barua.
Shavu moja linaanza kurudi,
na stima inapotea.
Buruburu nzima inaguna kwa sauti moja.
Nasipondi anabaki mdomoni mwa printa,
katoka kofia hadi nyusi,
dakika arobaini.

Baba yuko kochini. Hajasogea, giza halimsumbui.
Miaka thelathini na mmoja alipanga herufi za risasi
kiwandani, Barabara ya Lusaka,
akisoma kinyumenyume, kutoka kulia,
na koma iliyoruka aliinusa kabla hajaiona.
"Wino hauna kosa, mama," anasema.
"Wino ni mtumwa. Mtazame anayeutuma."

Stima inarudi. Namtazama anayeutuma: kioo.
Humo Nasipondi anawaka kama sinia lililosuguliwa kwa majivu.
Nafungua mipangilio.
Mwangaza, asilimia mia.
Picha ilikuwa na kiza tangu mwanzo,
kioo kikaivalisha taa, nami nikasadiki.

Nakishusha hadi hamsini
na hapo ndipo naona alichokuwa akikiona wino.
Kazi iliyobaki ni ndogo: inua vivuli, uache weupe ulipo,
kidogo, kidogo tena,
mpaka joho liachane na shingo,
mpaka rangi yake ya kahawa iliyokaangwa
iwe rangi, isiwe shimo.
Nachapa.
Huyo hapo. Hata kovu la tetekuwanga, juu ya jicho, lipo.

Namkimbilia baba. Hii mkono wa kulia,
ile ya usiku mkono wa kushoto.
Chagua, namwambia.
Anazisogeza hadi puani.
Anaziinamisha kuelekea dirishani.
Anapitisha kidole gumba juu ya wino, kama zamani,
kupima kama umekauka.
"Zote nzuri," anasema. "Amependeza."

Namwuliza nani alipandisha mwangaza wa kompyuta.
Anachukua muda.
"Mimi. Mwezi wa nne. Au wa tatu.
Kumbukumbu za chama zilikuwa zinafifia,
nikadhani mashine imezeeka."

Nainama karibu, namshika kidevu kama mtoto wa shule.
Ndani ya jicho la kushoto kuna wingu dogo,
mviringo safi, jeupe kama karatasi isiyochapwa.
Mtoto wa jicho, ndivyo wanavyomwita,
na nyumba nzima hatukujua tunalea.

Usiku natafuta namba ya kliniki, naiandika nyuma ya ile picha nyeusi,
upande mkavu, unaoshika kalamu vizuri.
Kisha narudi kwenye kioo.
Nakipandisha tena hadi mwisho,
maana mkutano wa chama ni Jumamosi
na katibu hajamaliza kuandika.