Kulwa, Doto na Shija

Nina kibanda Isevya, mlango wa bluu,
jirani na fundi magodoro.
Watu huniletea flashi na memori kadi niwajazie:
kwaya, mpira wa jana, mahubiri,
ngoma za harusi ya binamu aliyeolewa Urambo.

Nashusha usiku, bando likiwa nafuu.
Saa saba mji umenyamaza
mpaka treni ya Mpanda ipige honi stesheni
na mbwa wote wa Cheyo waijibu.

Kivinjari peke yake hakishushi kitu.
Kinataka kiongezi, kidude cha kubandika pembeni.
Nilibandika viwili siku moja, vimefanana hata rangi,
nikavipa majina ya pacha.

Kulwa ana mbio.
Dakika nne, sinema nzima iko chini.
Ila kabla ya kuanza aliomba ruhusa
ya kusoma na kubadilisha kila kitu,
kwenye kila tovuti, kila wakati.
Nani husoma maneno yale? Mteja amesimama,
mia tano iko mezani.
Nilibonyeza Ruhusu kama mtu anayefukuza nzi.

Doto mzito kidogo, mpole.
Usiku mmoja akajiboresha bila kuniambia,
asubuhi nikakuta ukurasa wangu wa kutafutia
umekuwa wa mtu mwingine.
Nikasema, ah, mambo ya mtandao.

Kisha ule usiku, mafaili yakishuka,
nilifungua dirisha la pili
nikaandika nisichomwambia hata dada yangu Wande:
uvimbe kwenye kizazi, je, mtu huzaa?
Nikasoma. Nikafunga. Nikafuta historia,
nikidhani kufuta ni kufuta.

Jumamosi akaja Nyanzala, muuza karanga,
kuchagua kwaya. Nikamgeuzia kioo.
Na pembeni mwa waimbaji wenye joho za zambarau,
herufi nene:
UVIMBE KWENYE KIZAZI? ONDOA BILA KISU.
Nikalifunga. Likaja lingine.
Likaja lenye picha ya mwanamke ameshika tumbo.

Nyanzala akainamia karanga zake,
akazihesabu mafungu ambayo tayari alishayahesabu.

Jioni ile niliwatoa pacha wote wawili.
Kulwa aliuliza, Una hakika?
Mara ya kwanza kujali nina hakika na nini.

Niliyemweka baada yao nikamwita Shija,
kama ada ya anayezaliwa nyuma ya pacha.
Mdogo. Huomba ukurasa mmoja, ule niliofungua,
na pale tu nikimgusa. Hataki barua pepe yangu.
Lakini nisimpambe:
video iliyokatwa vipande vipande humshinda,
huniletea sauti bila picha,
na sinema ya dakika nne sasa ni kumi na tisa.
Kando yake nimeweka mlinzi wa kuzuia matangazo,
mkali hadi kero, benki haifunguki
mpaka nimtoe nje kwanza.

"Siku hizi umechoka," Mihambo wa bodaboda ananiambia.
"Zamani ulikuwa chapchap."
Namjibu, rahisi huvunja upishi.
Anacheka, anawasha pikipiki, anakwenda Kiloleni
kwenye kibanda ambako Kulwa yuko kazini
na mbio zake zile zile.
Mia tano yake nayo imekwenda, na kodi ni tarehe tano.

Jumatatu Nyanzala alirudi, bila karanga.
Alisubiri wateja waishe, akavuta stuli karibu.
"Nina neno nataka kukuuliza," akasema,
"ukikataa nanyamaza, tunaongea mengine."

Miezi yote ile,
wa kwanza kuomba
kisha akangoja jibu.

Nikanyoosha mkono, nikazima kioo.