Bakuli la Manjano

Saaremaa, mwezi wa Mei, baridi haijatoka mifukoni.
Napita safu ya saba ya mitufaha,
hatua mia, dakika kumi, kalamu mdomoni.

Kaljo anazima trekta. "Wangapi leo?"
kana kwamba ni kondoo wake ninaowaswaga.
Kumi na tisa. Na huyu si nyigu, ni nzi,
kaazima kanzu ya nyigu asiliwe na ndege.
"Kumbe nimemkimbia bure
miaka sitini!"

Kwenye bakuli la manjano, maji ya sabuni,
mmoja amezama:
mweusi, mdogo, punje ya wali iliyoungua.
Jina la huyu halisomeki akiwa hai.

Usiku, chini ya hadubini, nahesabu pingili za kipapasio.
Kumi na mbili. Jike.
Miguuni bado kabeba chavua,
posho ya watoto ambao shimo lao
liko mahali fulani
njiani pa gurudumu la Kaljo.

Naandika jina, refu kuliko mwili wake.

Asubuhi namwomba asilime ule ukingo wa kusini.
Haulizi kwa nini.
Anavua kofia, anachungulia kichupa:
"Anaitwaje?"