Safi au Fifi

Baba aliiita Waranti,
kwa kuwa ndilo neno pekee kwenye nibu,
nasi tukakua tukijua kwamba huko Ulaya
yupo Bwana Waranti, tajiri wa kalamu,
mwenye masharubu, pengine.

Zamani nyeusi; sasa rangi ya chai kavu.
Pete moja ya fedha kwenye kofia.
Ubavuni, pale mtengenezaji anapoweka jina,
dole gumba la baba limelamba kila kitu
kwa miaka ishirini na mitatu ya mizani, kinuni, Magu:
gunia juu, jiwe chini, jicho kwenye sindano,
kisha neno moja daftarini.
Safi.
Au fifi.
Watu walikula au walilala njaa
kwa tofauti ya silabi moja.

Nikaipeleka Makoroboi, kwa Lubango fundi saa.
"Nani kaitengeneza?"
Hakujibu. Akabandika lenzi jichoni,
akaisugua kwa kidole, akainusa. Ndiyo, akainusa.
"Mpira uliopikwa kwa salfa. Bado unanuka."
Akailoweka kwenye maji vuguvugu, kikombe cha bati,
na wino ukaanza kutoka, uzi wa buluu,
mahesabu ya baba yakipanda polepole.

"Waranti si mtu," akasema.
"Ni kama kuapa: haki ya Mungu, dhahabu hii.
Nibu hizi ziliuzwa kwa kipimo, kama dagaa,
kila karakana ikachota kisado chake.
Kibanio kimetoka kwingine. Wenzo, sijui.
Kalamu hii ina mama wengi."

Nikafiwa na mtu ambaye hakuwahi kuwapo,
yeye na masharubu yake.

"Lakini hii pete," Lubango akageuza kofia,
"hii haikuja na meli."
Kwa ndani, mkwaruzo wa sindano:
herufi mbili za Kigujarati
ambazo maisha yangu yote nilidhani ni ufa.

Sonara alishakufa.
Duka lake linauza chaja na vioo vya simu.
Ila Kusum, mjukuu wake, anayo madaftari ya babu
chini ya kaunta, majalada ya kitambaa chekundu,
mende wameanza kuyasoma kabla yake.
Akafuata mistari kwa kidole,
huku akimrudishia chenji kijana wa Igogo,
kisha kidole kikagoma.

Karani wa Magu. Kofia imepasuka.
Pete moja, fedha. Shilingi sita.

Na pembeni, palipopaswa kuwa na mkwaju wa kulipwa,
karatasi tupu.

Baba! Aliyemfukuza mtu mizanini
kwa ratili moja ya kokoto ndani ya gunia!

Nikatoa elfu kumi. Kusum akacheka.
"Sita ni sita, ndugu yangu,
na shilingi sita hazipo tena duniani."
Akanisogezea daftari.
"Andika wewe. Kwa hiyo hiyo."

Lubango alikuwa ameitia kifuko kipya,
kipande cha mpira wa valvu ya baiskeli.
Ikakwaruza. Ikagoma. Ikatema doa
kubwa kama jicho la sangara,
halafu ikashika.
Imelipwa, niliandika,
na herufi zikalala kushoto, ambako mimi silalii:
ncha ililika upande mmoja, kwa pembe ya mkono wake,
na mkono wangu ukatii.

"Na mwenye kuitengeneza," Kusum akauliza, "mmempata?"

Mvua ilikuwa inavuka ziwa kutoka upande wa Saanane,
ikigonga mabati ya Makoroboi moja moja.
Chini ya neno langu palibaki nafasi.
Nikaitazama kalamu isiyo na jina,
jina la karani lenye deni.
Sikuandika safi. Sikuandika fifi.
Nikainama, nikalipuliza lile doa
likauke.