Transista ya Saba

Novi Sad, saa nane usiku, theluji dirishani.
Milunka amepanga maiti mezani:
transista sita, migongo imepasuka,
na harufu ya plastiki iliyoungua
imeganda kwenye sweta.

Kanuni yake ilikuwa kali.
Volti ikishuka kidogo, ichapwe;
ikipanda, ichapwe tena.
Kigeuzi umeme kikapiga mluzi, kikatetema,
kikajibu fimbo kwa fimbo
hadi moshi.

Sasa anafuta namba, anaandika ndogo,
ndogo mno hata Radomir anacheka:
"Hiyo itasinzia."

Anachomeka ya saba. Anawasha.

Mstari kwenye skrini unapanda,
unapitiliza kidogo, unarudi, unatulia
kama mtoto aliyeulizwa
badala ya kuchapwa.

Hashangilii.
Anaburuta mzigo wa pili, mzito zaidi.