Mizunguko Saba

Kidude ki kiganjani mwangu, cha chuma,
kidogo kama yai la kwale.
Nikikibinya kinasema ta.
Kila ta ni kichwa, kila kichwa shilingi mia tatu,
na mtoto wa mgongoni naye ni kichwa,
Bwana Swabir alinisisitizia hilo mara mbili.

Idd mosi, saa nane mchana.
Nimeshabinya elfu moja na mia sita na tuktuk bado zinashusha:
wa Maweni, wa Muyeye, wa Mambrui na hina yao mbichi,
na lori zima la wachota chumvi wa Marereni
waliochangishana tangu Rajabu.
Juu ya lango paliandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.
Jua limekula nusu. Limebaki MGENI NJOO.

Mwaka wa kwanza gurudumu lilizunguka mizunguko saba.
Nakumbuka kwa kuwa Tsuma, mwendeshaji, alihesabu kwa sauti,
watoto wakamwitikia kutoka hewani,
na kwenye "saba!" hata waliokuwa chini walipiga makofi.
Kisha ikawa mitano.
Kisha mitatu.
Leo miwili, na wa pili, Tsuma mwenyewe asema,
ni wa kuteremkia.

Vigari vya kugongana vilikuwa tisa,
tuliachiwa na Mwitaliano aliyefunga hoteli akarudi kwao.
Viwili vinatembea. Kimojawapo kinyumenyume tu.
Maji ya mtelezo yameiva, mkandaa mtupu.
Choo ni kimoja,
na foleni yake haina mkia wala haya.

Ta. Ta. Ta.

Mbeyu, viganja vimetafunwa na chumvi,
alisimama na mwanawe Ngowa tangu adhuhuri.
Shati la Ngowa lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.
Barafu ya ukwaju ilimyeyukia kifuani, akalia, akanyamaza,
akacheza na visoda na mtoto asiyemjua,
wakagombana, wakapatana, wakasinzia wakiwa wima.
Saa kumi na moja u nusu zamu yao ikafika.
Stima ikakatika.

Alikuja langoni kwangu. Hakupiga kelele.
Heri angepiga.
Aliniuliza tu: "Hicho kidude chako,
hakiwezi kurudi nyuma?"
Nilikigeuzageuza mbele yake, kama mtu anayetafuta.
Kina kifundo ubavuni cha kurudisha sifuri.
Cha kupunguza mmoja, hakina.
Wawili, ndio kabisa.

Usiku Bwana Swabir aligawa soda za moto.
Tumepita elfu tatu, alisema, mwakani tutapanua.
Tukatazamana. Mfagiaji akauliza: choo?
"Lango," akasema.

Tulipokwisha kufunga, stima ikarudi kama mdeni mwenye aibu.
Tsuma akaliwasha gurudumu kulijaribu.
Vikapu vitupu vikapanda, vikashuka,
kimoja na kandambili ya mtoto iliyosahauliwa.
Nilisimama chini, nimechoka hadi kwenye meno,
na nilipomsikia akihesabu polepole, peke yake,
sikujua kidole gumba changu kinafanya nini.
Kidude kilikuwa kwenye elfu tatu mia nne na kumi na mbili.

Asubuhi nilikuta ubao mpya langoni, rangi haijakauka:
JANA TULIPOKEA WAGENI 3,419.